Mto Chini ya Gereji

Mji wetu unaitwa Mashua,
Łódź, kwa kinywa cha wenyewe,
na mgeni akishuka stesheni huuliza: maji yako wapi?
Yapo. Tuliyazika.
Yamo ndani ya bomba la matofali tangu enzi za viwanda vya nguo,
na juu yake zimejipanga gereji kumi na tisa.

Mimi ni Bogumiła wa chumba namba 214, idara ya mipango.
Kazi yangu ni safu mbili:
gharama kushoto, faida kulia.
Nimetakiwa nipime kama inalipa
kuufukua mto.

Kushoto ni kwepesi.
Kuvunja. Kuchimba. Kuhamisha nyaya.
Udongo wenye rangi za mababu, sumu inayotupwa kwa tani.
Gereji: mita za mraba, mara bei.
Bwana Ksawery wa gereji ya saba alinifungulia mwenyewe:
pikipiki ya marehemu kaka yake, imefunikwa blanketi,
mitungi ya matango ya siki,
redio,
kiti kimoja.
"Andika," akasema, "na kiti."
Nikaandika: mita kumi na tano.

Kulia ndiko kunakonikesha.
Nyuzi mbili za joto zitakazopungua Julai.
Vyumba vya chini visivyofurika.
Wapita njia, kila mmoja na dakika zake,
na dakika ya mfanyakazi ina bei,
ya mstaafu ina nusu bei.
Si mimi niliyepanga. Imo kwenye mwongozo.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila kibaba chenyewe nani kakichonga?
Halafu kesho nayo hukatwa, asilimia nne kila mwaka,
hata zloti moja ya mwaka wa arobaini
inifikie mezani na groszi ishirini.
Mtoto atakayechovya miguu siku hiyo
nimempunguza mpaka vidole.

Bi Zenobia, ghorofa ya chini, hakunikaribisha chai.
Anakikumbuka kipande kilichobaki wazi nyuma ya kiwanda:
"Jumatatu mwekundu, Jumatano buluu.
Tulijua nani kapata oda.
Na ulivyonuka! Madirisha hatukufungua hadi Septemba.
Wa nini tena?"
Utakuwa safi, nikamwambia.
"Basi huo si ule."

Mstari wa kumi na nne:
thamani ya nyumba kupanda, asilimia kumi na moja.
Nimeuweka kulia, kama wanavyouweka wote.
Lakini Bi Zenobia hana nyumba, ana kodi,
na asilimia ile ile, ikishuka ngazi hadi mlangoni pake,
hubadili jina.
Nimeuhamishia kushoto.
Nimeurudisha kulia.
Kuuweka pande zote mbili ni kosa, kompyuta inapiga kengele.

Kwenye mkutano tulikalia viti vya watoto wa shule,
magoti kidevuni.
Dakika arobaini zilikwisha kwa swali moja:
magari yataegeshwa wapi?
Nami, kwa mazoea, nikazipigia hesabu dakika zile.
Ukumbi ulijaa wastaafu. Hazikufika mbali.

Jioni nilipitia njia ya gereji.
Theluji ilikuwa ikiyeyuka.
Nikasimama juu ya kifuniko cha chuma, nikasikia:
maji, yakienda zao.
Hatukuyaomba ruhusa tulipoyazika,
nayo hayajaandika barua ya kutaka kutoka.

Mlango wa saba ukafunguka.
"Umeusikia?"
Nimeusikia.
"Miaka thelathini nauzimia redio," akasema Ksawery,
kisha akaona haya, akashika shika mfuniko wa mtungi.
Sikumuuliza kama anataka ufukuliwe.
Hakuniuliza jumla imetoka ngapi.

Kesho saa nne asubuhi inatakiwa iwe mezani.
Akakitoa nje kile kiti, akakipangusa kwa mkono wa koti,
yeye akabaki amesimama.
Nikakaa.